Ufa Usioonekana

Sisi wa Kiomboi tulizijua breki kabla ya kuijua ndege. Ukitaka kwenda Shelui sharti uteremke Mlima Sekenke, na lori lililojaa magunia halina msamaha kwenye mteremko ule. Fundi mmoja wa gereji hapa mjini alikuwa na njia yake ya kutafuta ufa. Alipaka chuma mafuta ya taa, akayafuta mpaka pakauke, kisha akapaka unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yalitoka polepole na kuchora mstari juu ya weupe ule.

Baadaye nikasoma kwamba wakaguzi wa injini za ndege hufanya vivyo hivyo, ila mafuta yao yana rangi ing'aayo, nao hutazama gizani kwa taa maalumu. Wanachotafuta ni uchovu wa chuma. Pinda waya mara moja, haukatiki. Upinde na kuunyoosha mara nyingi, utakatika mkononi, ingawa hukutumia nguvu zaidi ya ile ya mwanzo.

Uchovu huo ulipita hata kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet, yenye alama G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg, ikatua Entebbe njiani. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti. Ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, na watu wote 35 wakafa. Wataalamu wa Uingereza walizamisha Comet nyingine ndani ya tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza shinikizo mara maelfu, hadi bodi ikapasuka.

Lakini kukagua si kuona. Mwaka 1989, huko Sioux City, Marekani, sahani ya feni katika injini ya mkiani ya DC-10 ilivunjika angani, wakafa watu 112. Sahani ile ilikuwa imepakwa rangi na kukaguliwa mwaka uliotangulia, na wachunguzi waliona kwamba ufa ulikuwa tayari mkubwa wa kutosha kuonekana. Mkaguzi aliupita.

Linaloniuma zaidi ni la kwetu. Tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 ya East African Airways, shirika la Kenya, Uganda na Tanzania, ilikuwa ikikimbia kuruka kutoka Addis Ababa. Gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege ndogo, tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimama. Breki hazikushika sawasawa, kwa kuwa sehemu ya mfumo wake ilikuwa imefungwa vibaya iliporudishwa. Ndege ikapita mwisho wa uwanja, ikaporomoka na kuwaka moto. Kati ya watu 107, walikufa 43. Hapo hapakuwa na ufa wa kutafuta kwa rangi wala taa. Vyuma vilikuwa vizima. Vilikosewa kupangwa tu, na aliyevifunga yamkini alinawa mikono akaenda nyumbani akijua kazi imekwisha.

Fundi yule wa Kiomboi, akimaliza kufunga breki, hakuliruhusu lori. Alimwita fundi wa gereji ya pili, mshindani wake, aje afungue gurudumu na kutazama upya. Siku niliyosafiri mimi, mwenye lori alifoka kwamba anacheleweshewa mzigo. Tuliondoka saa tisa badala ya saa sita.