Kisu, Kidonge na Mfuko wa Mgonjwa

Tarehe 1 Desemba mwaka 1952, gazeti la Daily News la mjini New York lilitoka na habari iliyozifunika nyingine zote. Askari wa zamani wa jeshi la Marekani alikuwa amekwenda Denmark akiwa mwanamume, na sasa alikuwa mwanamke. Jina lake jipya lilikuwa Christine Jorgensen. Dunia ikashika neno moja tu: upasuaji. Hadi leo, ndugu msikilizaji, ukitaja kubadili jinsia, watu wengi watakuuliza habari za kisu. Lakini hii ni historia ya tiba mbili, homoni na kisu, na ya swali lililozifuata tangu mwanzo: nani ana uwezo wa kulipa?

Kisu ndicho kilichotangulia. Mwaka 1919 daktari Magnus Hirschfeld alifungua mjini Berlin taasisi ya kuchunguza mambo ya jinsia. Hapo ndipo alipofanya kazi za ndani Dora Richter, aliyezaliwa na maumbile ya kiume mwaka 1892 na akaishi kama mwanamke. Alipasuliwa mara ya kwanza mwaka 1922, na upasuaji wa kumtengenezea uke ukafanywa mwaka 1931. Mwaka huo huo mchoraji wa Denmark, Lili Elbe, alifariki mjini Dresden baada ya upasuaji wake wa mwisho. Hospitali za wakati huo hazikuwa na penisilini. Mwezi Mei mwaka 1933 wafuasi wa Hitler waliivamia taasisi ya Berlin na kuvichoma moto vitabu vyake hadharani.

Kwa nini watu hao walikimbilia kisu? Kwa sababu homoni zilikuwa bado zinatafutwa maabara. Estrojeni, homoni ya kike, ilitengwa mwaka 1929. Testosteroni, ya kiume, ilitengenezwa mwaka 1935. Kisha mwaka 1938 wanasayansi wa Uingereza walitengeneza dawa iliyofanya kazi ya estrojeni, na hawakuizuia kwa hataza. Kiwanda chochote kiliweza kuitengeneza, na bei ikashuka. Kwa mara ya kwanza mabadiliko ya mwili yaliweza kununuliwa katika chupa ya vidonge.

Turudi sasa kwa Jorgensen. Alipofika Copenhagen mwaka 1950, daktari Christian Hamburger hakumpeleka moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Alimwanzishia homoni, akamfuatilia kwa mwaka mzima hivi, na kisu kikafuata mwaka 1951 na 1952. Hamburger hakumtoza malipo, maana naye alikuwa akijifunza kwa mgonjwa huyo. Habari zilipovuma, daktari alipokea barua za watu 465, wanaume na wanawake, waliotaka kubadili jinsia. Wengi wao waligonga mlango uliokuwa umefungwa, kwani Denmark haikutaka tena kuwapokea wageni kwa tiba hiyo.

Utaratibu wa Hamburger ulikuwa na busara yake. Homoni hufanya kazi polepole. Estrojeni hulainisha ngozi, huotesha matiti na kuhamisha mafuta ya mwili, lakini haiondoi ndevu zilizokwisha kuota wala haipandishi sauti. Testosteroni huotesha ndevu, hukata hedhi na kuishusha sauti, na sauti ikishashuka hairudi. Uwezo wa kuzaa unaweza kupungua au kupotea. Lakini mtu akiona njia si yake, anaweza kuacha dawa, na sehemu ya mabadiliko itarudi nyuma. Kisu hakina kurudi nyuma.

Kwa hiyo kidonge kilishuka bei na kisu kikabaki juu. Mwaka 1956 daktari Mfaransa, Georges Burou, alianza upasuaji huo katika kliniki yake mjini Casablanca, Moroko. Mwingereza April Ashley alijikusanyia pauni 3,000, fedha nyingi sana kwa siku zile, akaenda kupasuliwa huko mwezi Mei mwaka 1960. Mwandishi Jan Morris, aliyetangaza habari za kupandwa kwa mlima Everest mwaka 1953, alianza homoni mwaka 1964, akapasuliwa Casablanca mwaka 1972. Madaktari wa Uingereza walimtaka kwanza ampe talaka mkewe, naye hakukubali.

Marekani nako mlango ulifunguliwa ukafungwa. Hospitali ya Johns Hopkins ilitangaza kliniki yake mwaka 1966, ikaifunga mwaka 1979. Kazi ikahamia kwa watu kama daktari Stanley Biber, aliyekuwa amekwisha kuanza mwaka 1969 katika mji mdogo wa migodi uitwao Trinidad, jimboni Colorado. Asiye na fedha za kufika huko alibaki na vidonge vyake.

Wahenga walisema rahisi ghali. Kidonge cha bei nafuu hakikuwa kidonge salama. Mwaka 1989 madaktari wa Amsterdam walitoa ripoti ya wagonjwa 303 waliokuwa wakitumia homoni za kike. Waligundua kwamba damu kuganda ndani ya mishipa kuliongezeka mara 45 kuliko ilivyotarajiwa. Aina moja ya estrojeni, iliyotumika pia katika vidonge vya uzazi wa mpango, ilishukiwa zaidi, na baadaye madaktari wakaiacha na kuchukua aina nyingine, pamoja na ile inayopitia kwenye ngozi. Haya yaligunduliwa kwa sababu wagonjwa walikuwa na daktari. Anayenunua dawa kwa kificho hapimwi damu, wala hakuna wa kumwambia apunguze.

Kisu cha bei nafuu nacho kina gharama zisizoonekana kwenye stakabadhi. Thailand ilianza upasuaji huu mwaka 1975, na baadaye Bangkok ikawa kituo cha wageni wanaotafuta ufundi kwa bei iliyo chini ya Ulaya na Marekani. Ufundi upo. Lakini njia iliyotengenezwa inahitaji kutanuliwa mara kwa mara kwa miezi mingi ili isizibe, na mgonjwa akishapanda ndege kurudi kwao, tatizo likitokea atamwendea nani?

Ziko nchi zilizoamua kwamba jibu lisiwe mfuko wa mgonjwa. Mwaka 1999 mahakama ya rufani ya Uingereza ilikataa utaratibu wa mamlaka moja ya afya ya kuwanyima wagonjwa wa aina hii tiba bila kuwatazama mmoja mmoja. Kuba na Brazil ziliingiza upasuaji huo katika huduma za umma mwaka 2008, na Argentina ikaweka homoni na upasuaji katika sheria mwaka 2012.

Kuna watakaosema jambo hili ni la dini, si la fedha. Basi tuitazame Iran. Katika miaka ya 1980 Ayatollah Khomeini alitoa ruhusa ya kidini baada ya maombi ya Maryam Khatoon Molkara. Ruhusa ilipatikana, lakini Molkara alikuja kupasuliwa Thailand mwaka 1997.

Na kuna waliosukumwa kwenye kisu bila kukitaka. Sheria ya Sweden ya mwaka 1972 ilimtaka mtu afungwe kizazi kabla ya kubadilishiwa jinsia katika hati zake. Wapo ambao homoni peke yake ingewatosha, lakini serikali iliwataka walipe kwa mwili. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2013, na mwaka 2018 bunge likakubali walipwe fidia.

Ndugu msikilizaji, katika miaka mia moja mizani hii imeshikwa na wengi: bei, mpaka wa nchi, hakimu, mtunga sheria. Mara chache imeshikwa na wawili wanaostahili, yaani mgonjwa aliyeelezwa yote na daktari atakayekuwapo kesho yake. Unaweza kulikubali jambo lenyewe au kulikataa. Lakini mtu anayejidunga sindano ya kubahatisha kwa kuwa mlango wa hospitali umefungwa hatibiwi wala hazuiwi. Anaachwa tu.