Swift (darubini ya angani)

Swift ni darubini ya angani iliyorushwa na NASA, shirika la anga la Marekani, kwa ushirikiano na Uingereza na Italia, tarehe 20 Novemba 2004, kwa kazi mahsusi ya kuvizia milipuko ya miale ya gamma, yaani mimweko ya nuru yenye nishati kubwa mno isiyoonekana kwa macho, ambayo huzuka upande wowote wa anga bila dalili na kuzimika baada ya muda unaoanzia chini ya sekunde moja hadi dakika kadhaa. Mwaka 2018 iliongezewa jina la Neil Gehrels, mwanasayansi aliyeiongoza hadi alipofariki mwaka uliotangulia.

Milipuko hiyo iligunduliwa kwa bahati. Setilaiti za Vela, zilizowekwa na Marekani kuchunguza majaribio ya siri ya mabomu ya nyuklia, zilinasa mmoja tarehe 2 Julai 1967, lakini habari zake hazikuchapishwa hadi 1973, na kwa miaka mingi wataalamu waliendelea kubishana iwapo chimbuko liko jirani au mbali, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha kwa usahihi mahali mmweko ulipotokea. Fundo lilianza kufunguka tarehe 28 Februari 1997, pale BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi, ilipogeuzwa na kuona mng'ao wa eksirei uliobaki nyuma ya mlipuko. Kazi hiyo ilichukua saa 8 hivi, na mng'ao wa namna hiyo hufifia kila dakika ipitayo.

Swift iliundwa ili kuondoa ucheleweshaji huo. Kifaa chake cha kwanza hakina lenzi, kwani miale ya gamma hupenya kioo bila kupinda. Juu yake umetandazwa wavu wa vipande vipatavyo 52,000 vya madini ya risasi, na chini yake vimepangwa vitambuzi 32,768, hivi kwamba mlipuko hutupa kivuli cha wavu juu ya vitambuzi, kama jua linavyochora nakshi za dirisha sakafuni. Kompyuta iliyomo chomboni husoma kivuli hicho na kukadiria upande wa chimbuko kwa kosa la dakika chache za tao, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya upana wa Mwezi, kisha hugeuza chombo kizima bila kungoja amri kutoka duniani. Ndani ya dakika moja na nusu hivi, darubini ya eksirei na ile ya urujuanimno huwa zimekwisha elekea huko, huku tahadhari ikitumwa kwa vituo vingine. Kioo cha darubini hiyo ya pili kina kipenyo cha sentimita 30 tu. Nguvu ya Swift imo katika wepesi wake.

Tarehe 19 Machi 2008 ilinasa mlipuko uliotokea umbali wa miaka ya nuru bilioni 7.5, ambao mwanga wake ungeonekana kwa kitambo kifupi hata kwa jicho tupu.

Data kamili za Swift hushushwa katika kituo cha Italia karibu na Malindi, Kenya, kilichohudumia pia BeppoSAX. Ni katika pwani hiyo, kwenye jukwaa la San Marco, ndipo iliporushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za anga, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Nayo iliitwa Uhuru.