Mudimbe na Nchi ya Shaba

Makala haya mafupi yanayatazama maisha na riwaya za V. Y. Mudimbe kwa kuuliza swali moja: machimbo yaliyoujenga mji wake wa kuzaliwa yamo wapi katika kazi zake?

Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mji wa Katanga uliokuzwa na kampuni ya shaba ya Union Minière. Ujanani aliingia utawa wa Wabenediktini nchini Rwanda, kisha akauacha. Alipata shahada ya udaktari Louvain mwaka 1970, akafundisha Lubumbashi hadi 1980, alipohamia Marekani ili asikitumikie chama cha Mobutu. Huko alifariki mwezi Aprili 2025.

Riwaya zake, zote za Kifaransa, hazina shujaa mchimbaji. Katika Entre les eaux (1973) tunamkuta padri anayejiunga na waasi. Katika Le Bel immonde (1976), mwanasiasa na kahaba. Katika L'Écart (1979), mwanahistoria aliyevurugika akili. Johan Falkberget wa Norwei (1879–1967), aliyefanya kazi katika machimbo tangu utotoni, aliwafanya wachimba shaba wa Røros kuwa kiini cha riwaya zake. Je, Mudimbe aliwasahau watu wa kwao?

La hasha. Mwaka 1989, akiwa ughaibuni, alitoa Shaba deux, riwaya yake pekee yenye neno la Kiswahili katika jina lake. Mtawa Mwafrika anaandika shajara mjini Kolwezi wakati wa vita vya 1978, huku wenzake Wazungu wakiondoka. Machimbo yako nje ya ukuta. Lakini swali ni lile lile la padri na la mwanahistoria: mtu afanyeje ndani ya nyumba iliyojengwa na wengine, inayomlisha, kumsomesha na kumwamuru? Ndivyo zilivyokuwa pia kambi za kampuni.

Hata hivyo, sauti ya mfanyakazi mwenyewe haisikiki humo. Sauti iliyo karibu nayo tunaipata katika historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Aghalabu maandishi haya mawili husomwa mbalimbali: moja kama fasihi, jingine kama ushahidi wa lugha. Kwa maoni yetu, hapana budi yafundishwe pamoja. La sivyo mwanafunzi atapata nusu tu ya nchi ya shaba.