Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi

Mama wa Nyansurura, mkoani Mara, akimfikisha zahanati mtoto wa miezi minane anayekohoa, jambo moja laweza kuamua uhai wa mtoto huyo: je, tabibu atahesabu pumzi zake kwa dakika nzima? Zikifika 50 au zaidi, hiyo ni dalili ya nimonia.

Kanuni hiyo ina historia. Katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuupokea. Tabibu aliagizwa afuate utaratibu: je, mtoto ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Kisha kikohozi, kuhara, homa, lishe na chanjo. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2004, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano huko Morogoro Vijijini na Rufiji, wilaya zilizoutumia, vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko Kilombero na Ulanga.

Lakini kitabu hakimlazimishi mtu. Foleni ikirefuka, hufungiwa mezani, na kila mtoto akapewa dawa ya kuua bakteria.

Katika hospitali za watoto za nchi tajiri, daktari akichagua ugonjwa, kompyuta humletea orodha nzima ya vipimo, dawa na dozi zake. Sisi tulijaribu kwa simu. Dar es Salaam, kati ya Desemba 2010 na Juni 2011, matabibu waliongozwa na simu iliyouliza swali moja baada ya jingine. Watoto waliopewa dawa za kuua bakteria walikuwa 15 katika kila 100. Kwa matabibu wa kawaida walikuwa 84. Baada ya siku saba, waliopona walikuwa asilimia 97 dhidi ya 92.

Wako wanaosema simu itamgeuza tabibu kuwa kasuku. Mimi sikubali. Simu humkumbusha tu kile alichofundishwa, saa ambayo uchovu umemsahaulisha.

Hata hivyo, simu haijazi kabati. Ikiagiza amoksilini na dawa haipo, mama wa Nyansurura atarudi nyumbani na ushauri mtupu. Wanaotuletea simu, basi, walete na dawa.