Simu ya Upepo ya Mkononi: Historia Yake na Kanuni Zake

SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA

Mazungumzo ya Afisa wa Elimu, yaliyopigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza vya Mtwara, Mikindani, Msimbati na vijiji vya mwambao mpaka mdomo wa mto Ruvuma.



Wengi wenu mmekwisha kukiona chombo nitakachowasimulieni habari zake leo. Ukisimama gatini Mtwara wakati meli inapopakiwa korosho au makaa ya mawe, utamwona mtu mmoja juu ya meli na mwingine chini, kila mmoja ana kidude cheusi chenye antena fupi. Huyu anasema, yule anaitika, na mzigo unashuka taratibu. Askari wanacho, na walinzi wengi wanacho. Wengine hukiita simu ya upepo. Vijana hukiita redio koli. Ni kitu kimoja.

Watu wengi hudhani kukitumia ni kazi nyepesi: unabonyeza, unasema, basi. Lakini chombo hiki kina kanuni, na mtu asiyejua zilikotoka huziona kama adabu za bure. Sivyo. Kanuni hizi zilipatikana kwa hasara, nyingine kwa roho za watu, na sehemu ya hasara hiyo iliwapata watu wa kusini kwetu.

HABARI ILIPOKWENDA KWA MIGUU

Tuanze Mikindani. Mwezi wa Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, akaelekea bara upande wa mto Ruvuma. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, Susi na Chuma na wenzao, waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi tisa! Hata habari ya kifo chake ilibidi ichukuliwe na miguu ya watu.

Mwaka wa 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden kuja Zanzibar, na kutoka Zanzibar kwenda Msumbiji mpaka Afrika ya Kusini. Ulipita baharini mbele ya pwani yetu, lakini samaki wa Msimbati waliukaribia kuliko watu wa Msimbati. Na hata mahali waya ulipofika, haukumfaa nahodha, kwa maana jahazi haliwezi kuburura waya nyuma yake. Yeye alibaki na bendera mchana, moto usiku, na sauti yake mwenyewe. Ndiyo sababu simu isiyo na waya, iliyoanza kutumika mwishoni mwa karne ya 19, ilipokewa upesi sana na watu wa meli.

KANUNI YA KWANZA: SIKILIZA KABLA YA KUSEMA

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli kubwa ya Kiingereza, Titanic, ilikuwa ikienda Marekani kwa kasi katika bahari yenye barafu. Meli nyingine, jina lake Californian, ilikuwa imesimama si mbali, imezungukwa na barafu. Fundi wa simu wa Californian alijaribu kumwonya mwenzake wa Titanic. Yule wa Titanic alikuwa akipeleka salamu za abiria. Akaudhika kuingiliwa, akamwambia anyamaze. Baadaye kidogo fundi wa Californian alizima chombo chake, akalala. Muda mfupi tu ukapita, Titanic ikagonga barafu. Iliita na kuita, lakini katika Californian hapakuwa na sikio lililo macho. Watu zaidi ya 1,500 walikufa.

Mwaka wa 1914 mataifa yalipatana mjini London juu ya usalama wa baharini, na moja ya mambo yaliyoamriwa ni kwamba meli kubwa lazima ziwe na mtu wa kusikiliza usiku na mchana. Basi, ndugu, unapoambiwa, "Usizime redio yako kazini, na kabla ya kubonyeza, sikiliza kwanza kama kuna mwingine anayesema," kumbuka wale mafundi wawili. Mmoja hakutaka kusikiliza, na mwingine aliacha kusikiliza mapema mno.

KANUNI YA PILI: UJUMBE HAUJAFIKA MPAKA UMEJIBIWA

Sasa turudi kwetu. Vita vya 1914 mpaka 1918 vilipiganwa katika nchi hii pia. Kufika mwisho wa 1917 jeshi la Wajerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, lilikuwa limesukumwa mpaka nchi ya Wamakonde, na halikuwa tena na mtambo wa kusema na Ulaya. Tarehe 21 Novemba 1917 Wajerumani walirusha kutoka Bulgaria chombo kikubwa cha angani kinachoelea kwa gesi, Zeppelin L59, kimejaa silaha na dawa za jeshi hilo. Shabaha yake ilikuwa uwanda wa juu wa Makonde. Kilipofika juu ya nchi ya Sudan, kilipata amri kwa simu ya upepo: rudi, kwa kuwa ilidhaniwa mahali pa kushukia pamekwisha kuchukuliwa na adui. Kikageuka, kikarudi Bulgaria, kikatua tarehe 25 Novemba. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma huko Ngomano. Waliokipeleka chombo kile hawakuweza kumwuliza yuko wapi, wala yeye hakuweza kuwaambia.

Mwaka mmoja baadaye likatokea jambo la kusikitisha zaidi. Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Lakini jeshi lile lilikuwa porini katika Zambia ya leo, halina habari. Tarehe 13 lilikuwa bado linapigana huko Kasama. Habari ya amani ilimfikia mkuu wake kwa sababu tu tarishi wa Kiingereza alikamatwa akiwa na barua. Silaha ziliwekwa chini tarehe 25 Novemba, majuma mawili baada ya vita kwisha.

Fikirini habari za wapagazi. Katika vita vile waliokufa wengi zaidi walikuwa wapagazi, kwa njaa, maradhi na uchovu, na kusini kwetu kulitoa wengi. Mtu aliyebeba mzigo siku ya tarehe 12 Novemba aliubeba kwa ajili ya vita ambavyo havipo tena. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyeweza.

Hiyo ndiyo maana ya kanuni ya pili. Aliyeusema ujumbe hajamaliza kazi yake. Shurti aliyeupokea aurudie, na msemaji akubali kwamba ndivyo alivyosema.

JINSI CHOMBO KILIVYOFIKA MKONONI

Mitambo ya kwanza ilihitaji nyumba, mnara na injini. Mwaka wa 1937, huko Kanada, Donald Hings alitengeneza redio ya kusema na kusikia iliyoweza kubebwa na mtu mmoja. Katika Vita Kuu ya Pili Wamarekani walikuwa na namna mbili: moja ya kubeba mgongoni, uzito wake kilo 15 na zaidi, na nyingine ya kushika mkononi, kilo mbili na robo hivi. Mwaka wa 1947 ikavumbuliwa transista, kidude kidogo kilichochukua mahali pa taa za kioo zilizokuwa zikila umeme mwingi. Tangu hapo redio zimezidi kupungua uzito. Nyingi za leo hazifiki nusu kilo, na nguvu yake ni kama wati 5.

Lakini jambo moja halikubadilika. Katika redio hizi njia ya kusemea ndiyo hiyo hiyo ya kusikilizia. Ukibonyeza kitufe, unasema lakini husikii. Ukikiachia, unasikia lakini husemi. Ni kama mlango mwembamba: anayetoka na anayeingia hawawezi kupita pamoja. Mimi mwenyewe, siku ya kwanza nilipopewa chombo hiki ndani ya mashua, nilieleza habari zangu zote kwa ufasaha, kidole kimekaza juu ya kitufe. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye usukani akanitazama, akaniambia, "Mwalimu, umewafundisha, sasa waache nao wakufundishe." Nilipoachia kitufe nikakuta kwamba walikuwa wakiniita muda wote, maana nilianza kusema kabla kitufe hakijashuka barabara na jina langu halikusikika.

Kwa hiyo bonyeza kwanza, ngoja kidogo kama pumzi moja, ndipo useme. Ukimaliza, sema "ova," uachie.

Jueni pia kwamba sauti ya redio hii huenda moja kwa moja kama macho yanavyokwenda. Kati ya mashua mbili baharini haivuki kilometa nyingi, na rasi, kilima au msitu wa mikoko ya Ruvuma huipunguza zaidi. Usiposikika, usipige kelele. Kelele huharibu maneno tu. Simama, inua antena iwe wima, utoke nyuma ya kizuizi.

BANDARI ILIYOJENGWA BILA KUSIKILIZA

Pengine mtauliza, "Je, kusema bila kusikiliza ni kosa la redio tu?" La. Tazameni bandari yetu ya Mtwara. Ilijengwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka wa 1947. Amri zilitoka London kwa haraka, kabla ya udongo na mvua kujaribiwa vya kutosha, na wakulima waliokuwa wakiijua ardhi hawakusikilizwa sana. Mpango ulivunjwa mwaka wa 1951. Bandari ilifunguliwa mwaka wa 1954, karanga hazipo, na reli ya kwenda Nachingwea ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitufe kilikuwa kimebonyezwa upande mmoja tu. Bahati njema kina cha bandari ni cha asili, nacho kimetufaa kwa mambo mengine.

KANUNI YA TATU: NENO LA HATARI LIACHIWE HATARI

Mwaka wa 1927 mkutano wa mataifa mjini Washington ulikubali neno moja la kuomba msaada kwa sauti: MAYDAY, litamkwalo "meidei." Lilitokana na Kifaransa, maana yake "nisaidieni." Husemwa mara tatu, pale tu roho za watu zinapokuwa hatarini. Na katika redio za baharini chaneli namba 16, masafa ya megahezi 156.8, imewekwa kwa ajili ya kuita na kwa ajili ya hatari. Anayekaa humo akiuliza bei ya samaki anaziba mlango wa mtu anayezama.

Yote haya si mambo ya mbali. Mwezi wa Aprili 1952 tufani ilipiga pwani ya Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 tufani iliyopewa jina la Kenneth iliingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa onyo, na watu wa Mtwara walikuwa wameambiwa waondoke mabondeni. Onyo lilimfikia aliye nyumbani. Je, aliyekwisha kutoka na mashua? Simu ya kawaida humwita mtu mmoja, tena mahali palipo na mtandao. Redio koli husikiwa na kila aliye karibu mwenye kufungua chaneli hiyo, na aliye karibu ndiye awezaye kuokoa.

MFANO WA KUITA

Mtu mmoja husema hivi: "Aa, bwana, huku mambo mabaya, injini imekufa, njooni upesi!" Ni nani? Yuko wapi? Wako wangapi? Hakuna ajuaye. Sasa sikilizeni namna iliyo bora:

"Pwani, Pwani, Pwani. Hapa mashua Subira, Subira, Subira. Ova."

"Subira, hapa Pwani. Nakusikia vizuri, nahodha. Sema. Ova."

"Hapa Subira. Injini imezimika. Tuko mashariki ya Msimbati, kilometa tatu kutoka ufukoni. Watu sita, nasema, tatu na tatu. Hakuna aliyeumia. Maji yanatusukuma kaskazini. Ova."

"Subira, hapa Pwani. Nimepokea: injini imezimika, mashariki ya Msimbati, kilometa tatu, watu sita, tatu na tatu, mnasukumwa kaskazini. Je, ni sawa? Ova."

"Sawasawa, mzee. Ova."

Mmeona kwamba nahodha alisema "tatu na tatu." Katika Kiswahili "sita" na "tisa" ni herufi zile zile, s na t zimebadilishana mahali, na katika upepo na mngurumo wa mawimbi hukosewa kwa urahisi. Watatu waliosahauliwa baharini ni watu watatu.

Kabla sijaaga: chaji betri kabla ya safari, na utie chombo ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa maana chumvi hukila. Tena si ruhusa kutumia masafa yoyote upendayo. Mwenye kuyagawa ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa mwaka wa 2003. Nendeni mkaulize kabla ya kununua. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kwaherini mpaka juma lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini habari ya amani ya mwaka wa 1918 ilichelewa kulifikia jeshi lililokuwa porini? Ni nani waliodhurika zaidi?

2. Katika kijiji chenu, mashua ikikawia kurudi usiku, ni nani anayengoja, na anasikiliza kwa chombo gani?

3. Fanyeni zoezi wawili wawili, mkipeana migongo: mmoja awe mashua, mmoja awe Pwani. Mwenye kupokea arudie kila neno. Hesabuni makosa, kisha mbadilishane.