Nodi Zisizobisha Hodi

Vijana wanaoanza kazi hii leo hawaamini ninapowasimulia jinsi klasta ya utafutaji ilivyokuwa ikiwashwa kwenye laptopu enzi za Elasticsearch toleo la 1. Ulikuwa unafungua kifurushi, unaita bin/elasticsearch, basi. Ukitaka nodi ya pili unafungua dirisha jingine la amri na kuita vilevile. Ya kwanza imeshika poti 9200, ya pili inajisogeza 9201, kisha zenyewe zinatafutana na kuungana. Kila nodi ilijipa jina la mhusika wa katuni za Marvel, na ukizima na kuwasha unakutana na shujaa mwingine.

Tatizo ni kwamba zilitafutana mbali kupita laptopu yako. Nodi ilitangaza kuwapo kwake kwenye mtandao mzima, na jina la klasta lililokuja na programu lilikuwa moja kwa kila mtu: elasticsearch. Basi ofisini, mafundi tukiwa kwenye Wi-Fi moja, mashine ziliingiliana kama majirani wasiobisha hodi. Mwenzako anafunga laptopu akale chakula cha mchana, klasta yako inageuka njano. Anafuta faharasa yake ya majaribio, kumbe ndiyo hiyohiyo uliyokuwa unaitumia. “Dada, data zangu ziko kwako?” lilikuwa swali la kawaida kabisa, na mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo, nusu yake.

Wakongwe wa Solr walitucheka. Wao na sisi tulitokana na mzizi mmoja, Lucene, maktaba ambayo Doug Cutting aliiandika mwaka 1999 na ikaingia Apache mwaka 2001. Lakini Lucene haikuwa seva. Ilikaa ndani ya programu yako. Yonik Seeley ndiye aliyeijengea seva alipokuwa CNET mwaka 2004, na seva hiyo, Solr, ikakabidhiwa Apache mwaka 2006. Kwa miaka mingi kuipandisha toleo kulimaanisha kubadilisha faili la WAR ndani ya Tomcat na kuomba heri. Klasta ya kweli waliipata katika toleo la 4.0, Oktoba 2012, kwa msaada wa ZooKeeper. Toleo la 5 la mwaka 2015 likaiacha WAR na kutegemea bin/solr: ukiandika bin/solr start -e cloud inakuuliza unataka nodi ngapi, na ukikubali tu kila pendekezo unapata mbili, 8983 na 7574. Adabu nzuri, ingawa ilichelewa.

Shay Banon alitoa Elasticsearch Februari 2010. Wepesi wa kuiwasha ndio uliowavuta watu, na wepesi huohuo ukawaponza. Toleo la 2.0, Oktoba 2015, liliifungia nodi ndani ya mashine yake, majirani wakatengana. Hata hivyo wengi waliziachia seva wazi kwenye intaneti, na Januari 2017 wahalifu wakafuta maelfu ya klasta na kuacha barua za kudai fidia. Watu waliwalaumu mafundi. Mimi nasema kufuli lilikuwa linauzwa kando: ulinzi wa nywila ulilipiwa hadi Mei 2019, matoleo ya 6.8 na 7.1 yalipoutoa bure.

Toleo la 8, Februari 2022, linawaka likiwa limefungwa. Mara ya kwanza linakuandikia kwenye skrini nywila ya mtumiaji elastic, linatengeneza vyeti vyake, na nodi ya pili haiingii bila tokeni, ambayo hudumu dakika 30. Unapopandisha toleo kuna kikwazo kingine: toleo la 8 linakataa kuwaka likikuta faharasa iliyozaliwa katika la 6. Kwenye seva halisi unapitia la 7 kwanza na kuijenga faharasa upya. Kwenye laptopu, nionavyo, futa folda ya data na uingize tena kutoka kwenye hifadhidata; faharasa ya majaribio haistahili kuhangaikiwa. Nywila iache ilivyo. Najua wengi huzima ulinzi kwa kuandika xpack.security.enabled: false kabla hata chai haijapoa, halafu wiki ya kupeleka kazi kwenye seva halisi ndipo wanapogundua kwamba programu yao haijawahi kuongea na klasta kwa https.