Skripti inayouliza kabla ya kujenga

Salamabila, mji wa dhahabu wa Maniema ya kusini, haujafikiwa na umeme wa gridi. Simu na kompyuta huchajiwa kwa paneli za jua au kwa jenereta, na intaneti ni mega zinazonunuliwa kidogo kidogo. Kijana wa huko anayejifunza kuandika programu, akishapata msimbo wa mtu mwingine na kutaka kuujenga kwenye mashine yake, anahitaji kujua jambo moja mapema kuliko yote: je, mashine hii ina kompaila na maktaba ambazo programu hii inazitaka? Akijua katika dakika ya kwanza, amepoteza dakika moja. Akijua baada ya saa tatu, betri imekwisha, mega zimekwisha, na programu hana.

Kazi ya kuuliza swali hilo kwa miaka mingi imefanywa na faili moja liitwalo configure. Wengi huliendesha bila kulifungua. Mistari hupita kwenye kioo, kila mmoja ukiishia na ndiyo au hapana, na mtu husubiri ifike mwisho. Nyuma ya mistari hiyo kuna historia inayostahili kujulikana, hasa na watu wanaojengea programu mbali na waya mkubwa wa intaneti.

Ianzie mwaka 1976, katika maabara za Bell Labs huko Marekani. Steve Johnson, mtunzi wa zana iitwayo yacc, aliingia ofisini kwa mwenzake Stuart Feldman akiwa amechukia. Asubuhi yake yote ilikuwa imepotea akisaka kosa ndani ya programu ambayo alikwisha kuisahihisha. Alichosahau ni kuikompaili upya ile sehemu aliyoirekebisha, hivyo akawa anapambana na programu ya zamani. Feldman akatunga make, programu inayotazama saa za mafaili na kujua lipi limebadilika na lipi lijengwe tena. Mwaka 2003 chama cha wanakompyuta cha ACM kilimtunukia tuzo kwa kazi hiyo, na make bado inatumika kila siku duniani kote. Lakini make ilijua mpangilio wa kazi tu. Kuhusu mashine yenyewe haikujua lolote. Iliamini kwamba kila kilichotajwa kipo.

Imani hiyo ilifaa pale ambapo watu wote walitumia mashine za aina moja. Miaka ya 1980 ikaivunja. Unix iligawanyika: kulikuwa na ya chuo kikuu cha Berkeley na kulikuwa na ya AT&T, kisha Sun, DEC, HP na IBM kila mmoja akauza yake. Tofauti zilikuwa ndogondogo na za kuudhi. Kutafuta herufi ndani ya neno, Berkeley walitumia kazi iitwayo index; AT&T waliiita strchr. Kunakili kumbukumbu, upande mmoja ulikuwa na bcopy, inayotaja kwanza unakotoa, na upande wa pili memcpy, inayotaja kwanza unakopeleka. Faili la matamko liliitwa strings.h huku na string.h kule. Msimbo uliokwenda vizuri kwenye chumba kimoja uligoma kwenye chumba cha jirani, na aliyeupokea alilazimika kufungua Makefile, faili la maagizo ya make, na kuweka alama kwa mkono: mashine yangu ina hiki, haina kile. Aliyekosea alama moja alijua tu pale ujenzi ulipokatika katikati.

Larry Wall ndiye aliyeonyesha njia nyingine. Mwaka 1984 alitoa rn, programu ya kusomea habari za Usenet, pamoja na skripti iitwayo Configure iliyoikagua mashine yenyewe na kumuuliza mtumiaji pale iliposhindwa kujua. Alipotoa lugha ya Perl tarehe 18 Desemba 1987, skripti ya namna hiyo ilikuja nayo. Ilizungumza na mtu kwa uchangamfu, hata ikampongeza kwa kutotumia Eunice, mfumo wa kuigiza Unix juu ya mashine za VMS. Kwangu mimi uchangamfu ule una uzito wake. Wall alitambua kwamba anayejenga programu ni mtu aliyekaa peke yake mbele ya kioo, mbali na mwandishi, hana wa kumuuliza.

Kisha akaja David MacKenzie. Mwezi Juni 1991 alikuwa akitunza zana nyingi za GNU kwa ajili ya Free Software Foundation, na alama za kuweka kwa mkono ndani ya Makefile zilikuwa zimefika kama 20. Akaandika skripti ya kuzibahatisha zenyewe kwa programu moja, akaihamishia kwenye nyingine, na alipoona anarudia kazi ileile akaamua kutunga programu inayozalisha skripti hizo. Hiyo ndiyo Autoconf. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 1994. Simulizi ya mwanzo wake imo ndani ya mwongozo wa Autoconf wenyewe, na sehemu zake zimepewa majina ya vitabu vitano vya Musa, kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati.

MacKenzie alifanya uamuzi mmoja ambao ndio kiini cha yote. Wengine waliokuwa wakiandika skripti za namna hii waliuliza jina la mashine, kisha wakaenda kwenye orodha: ikiwa ni Sun ya toleo fulani, basi ina hiki na kile. Orodha kama hiyo huchakaa siku mashine mpya inapotoka. Autoconf hailiamini jina. Inaandika programu ndogo sana, mara nyingi mistari michache tu, katika faili liitwalo conftest.c, inaipeleka kwa kompaila, inatazama kama imekubali, kisha inaifuta. Ikitaka kujua kama kuna strchr, inaandika programu inayoiita strchr na kujaribu kuiunganisha na maktaba. Imeungana? Ndiyo. Imegoma? Hapana. Wachimbaji wa Salamabila wanaijua busara hiyo bila kuambiwa: kabla ya kuzamisha shimo, udongo kidogo huoshwa kwenye karai, ili jasho na pesa visizame mahali pasipo na dhahabu.

Miongoni mwa majaribio ya mwanzo huwa ni la kompaila yenyewe. Skripti inaitafuta gcc, kisha majina mengine. Ikiipata, haitosheki kwa kuiona. Inaijengesha programu isiyofanya kitu, kisha inajaribu kuiendesha. Hapo ndipo wanaoanza hukwama na ujumbe kwamba kompaila haiwezi kutengeneza programu inayoendeshwa. Wengi hukata tamaa, au hupakua kompaila upya kwa mega zao za mwisho, na kumbe sababu imeandikwa palepale ndani ya faili la config.log: amri iliyotolewa, programu ndogo iliyojaribiwa, na malalamiko ya kompaila neno kwa neno. Faili hilo halihitaji intaneti kulisoma. Mtego mwingine wa kawaida ni wa Debian na Ubuntu, ambako maktaba inaweza kuwemo kwenye mashine na bado configure ikasema haipo. Huko kila maktaba hutenganishwa katika vipande viwili: maktaba ya kuendeshea programu, na furushi lenye jina linaloishia na -dev, ambamo mna mafaili ya matamko ya kujengea. Bila hilo la pili, hakuna cha kukompaili.

Afrika Mashariki tuna sura yetu katika historia hii. Mwishoni mwa mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa ushirikiano na wataalamu wa IT+46 kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. OpenOffice ilitokana na msimbo wa StarOffice ambao kampuni ya Sun iliufungua mwaka 2000, na ilikuwa mlima: kuijenga kulichukua saa nyingi, na ilikuwa na configure yake iliyodai kompaila, Perl, Java na vingine vingi kabla ya kukubali kuanza. Kumbuka hali ya wakati huo. Kebo ya SEACOM ilifika pwani yetu mwaka 2009. Kabla yake, intaneti ya Dar es Salaam na Mombasa ilitegemea setilaiti, ya polepole na ya bei kali. Upande wa Kongo, kebo ya WACS ilianza kazi mwaka 2013, nayo inatua Muanda, kwenye Atlantiki, ng'ambo ya pili ya nchi ukiwa Maniema. Katika mazingira kama hayo, skripti inayosema mapema kitu gani kinakosekana ilikuwa na thamani ambayo mtu wa California hawezi kuihisi.

Baadaye zilikuja zana nyingine: CMake mwaka 2000, iliyozaliwa ndani ya mradi wa picha za kitabibu uliogharimiwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, pkg-config kipindi hichohicho, Meson mwaka 2013. Zote zinauliza swali lilelile kwa kasi zaidi.

Wakosoaji nao hawakukosekana. Mwaka 2012 Poul-Henning Kamp, mmoja wa watunzi wa FreeBSD, aliandika kwa uchungu kuhusu configure ya programu moja iliyofika mistari 31,085, ambayo bado ilikagua kama faili la stdlib.h lipo, ilhali mashine zilizolikosa hazikuwa na kumbukumbu wala diski ya kutosha kuibeba programu hiyo. Alikuwa na haki. Majaribio yaliyopoteza sababu yalikuwa yamerundikana, kila mtu akinakili kutoka kwa mwenzake bila kusoma. Ila mimi nadhani alitazama upande mmoja. Alizitazama mashine zilizokwisha kufanana, seva na kompyuta za watu wenye vitu vyote.

Mashine iliyoenea katika miji ya Maniema kama Kasongo, Kabambare na Salamabila ni simu ya Android. Tangu mwaka 2015 kuna Termux, programu iliyoanzishwa na Fredrik Fornwall, inayompa mwenye simu terminali, kompaila ya Clang na mafurushi mengi ya kujengea. Kwenye simu ya bei ya chini, mtu anaweza kuandika C na kuikompaili. Na hapo miaka ya 1980 inarudi. Android haitumii maktaba ya C ya GNU. Inatumia Bionic, iliyoandikwa na Google, na Bionic ilikuwa na mapengo. Kazi ya iconv, inayogeuza herufi kutoka usimbaji mmoja kwenda mwingine, haikuwemo hadi Android 9 ya mwaka 2018. Glob ilichelewa hadi toleo hilohilo. Skripti nyingi huanza kwa kuitaja /bin/sh, na Termux zana zake zimekaa kwingine. Msimbo wa zamani hubeba faili la config.guess lililoandikwa kabla ya chipu za ARM za biti 64 kuenea, nalo hushindwa kabisa kuitambua simu. Yale majaribio yaliyodharauliwa yamepata kazi tena.

Ndiyo maana kilichotokea mwaka 2024 kinauma. Tarehe 29 Machi, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watunzi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumiwa karibu kila Linux, yalikuwa na mlango wa siri. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Mwenye kufanya hila alijiita Jia Tan. Alikuwa amejijengea uaminifu kwa miaka, akimsaidia mtunzaji halisi, Lasse Collin, hadi akapewa mamlaka ya kutoa matoleo.

Alificha wapi? Ndani ya ukaguzi. Faili la build-to-host.m4, moja ya vipande ambavyo Autoconf hutumia kuzalisha configure, lilipachikwa kwenye furushi la toleo bila kuwemo kwenye hazina ya msimbo. Kila aliyeendesha configure aliiendesha hila hiyo. Nayo, kabla ya kupanda sumu, ilifanya ukaguzi wake: je, hii ni Linux? Je, chipu ni x86-64? Kompaila ni gcc? Kiunganishi ni cha GNU? Furushi linalojengwa ni la Debian au la RPM? Jibu moja la hapana, na hila inaondoka kimya. Simu za ARM hazikuguswa.

Mahali pengine pa hila palikuwa padogo zaidi. Upande wa CMake, xz ilikuwa na jaribio la kuona kama Landlock, kinga ya Linux inayoizuia programu kugusa mafaili yasiyoihusu, inapatikana. Ndani ya programu ndogo ya jaribio iliwekwa nukta moja, peke yake, mwanzoni mwa mstari. Nukta hiyo iliifanya kompaila igome kila mara, kwa hiyo jibu likawa hapana kwenye kila mashine, na kinga haikuwashwa popote xz ilipojengwa kwa CMake. Hakuna ujumbe wa kosa uliomfikia mtu, kwa kuwa kwenye ukaguzi kugoma ni jibu halali.

Collin aliiondoa nukta hiyo kwa mkono wake. Kilichobaki ni kwa wanaojenga. Kuzalisha configure upya kutoka kwenye furushi lilelile hakukutosha, maana faili la m4 lenye sumu lilikuwa ndani ya furushi. Kulinganisha namba ya uhakiki ya SHA-256 kusingesaidia pia, kwa sababu aliyetoa furushi ndiye aliyelitia hila. Lililofaa ni kuanzia kwenye hazina ya msimbo ambayo kila badiliko linaonekana, na kuizalisha configure hapo. Kwa Salamabila, ambako mafaili mengi huhama kwa flashi na kwa Bluetooth kutoka mkono hadi mkono, hilo lina maana ya kwamba anayekwenda Kasongo au Bukavu kuchukua msimbo arudi na hazina nzima pamoja na historia yake, na zana za kuizalishia configure, yaani autoconf, automake na m4, ziwemo kwenye flashi hiyohiyo.